FRB zinatokea ubavuni mwa nyota au mbali nayo? Tulinganishe kwa polaraizesheni

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alikuja dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, yupo form six, anasoma PCM, akaniambia wamepewa kazi ya kuwasilisha mada darasani na yeye kachagua ile milipuko ya redio inayotoka nje kabisa ya galaksi yetu, ile wanaita FRB, sasa mwalimu kamwambia asije pale mbele kusimulia maajabu tu, achague upande na autetee kwa ushahidi. "Mjomba, kuna wanaosema inatokea palepale ubavuni mwa nyota, kuna wanaosema mbali na nyota, mi nishike ipi?" Nilifurahi mno, maana ushahidi mkubwa wa kesi hii ni polaraizesheni, yaani upande ambao wimbi linatikisikia, na polaraizesheni ndo kitu nnachokishika kwa mikono kila siku nikifunga antena za watu. Tulikaa mpaka saa mbili usiku na yale tuliyolinganisha nayaweka hapa, najua wapo wengine wanatafuta kitu cha namna hii kwa Kiswahili hawakipati.

FRB yenyewe kwa haraka: ni mpigo wa mawimbi ya redio unaodumu milisekunde chache, mara nyingi hata pungufu, halafu kimya. Wa kwanza kujulikana ulirekodiwa 2001 na dishi la Parkes kule Australia, lile la mita 64, ukakaa kwenye kumbukumbu hakuna aliyeuona mpaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake walipoutangaza. Saivi darubini ya CHIME iliyoko Canada inayanasa kwa wingi, katalogi yao ya kwanza ya 2021 ilikuwa na milipuko 536, na kati ya vyanzo vilivyoitoa 18 vilikuwa vinarudia kupiga, vingine vyote vilipiga mara moja vikanyamaza. Umbali ni mamilioni mpaka mabilioni ya miaka ya mwanga, kwa hiyo usitegemee picha ya kinachotokea huko, unachopokea ni wimbi tu, basi inabidi ulihoji wimbi lenyewe.

Mtuhumiwa karibu wote wanamkubali: magnetari. Hii ni nyota ya nyutroni, kitu chenye uzito kulizidi jua letu kilichofinywa mpaka upana wa kama kilomita 20, halafu sumaku yake ni kali kuliko kitu chochote tunachokijua, gausi trilioni 100 mpaka trilioni 1,000. Tarehe 28 Aprili 2020 magnetari iliyo humuhumu kwenye galaksi yetu, SGR 1935+2154, ilipiga mpigo wa redio unaofanana na FRB, CHIME wakaunasa na mitambo ya STARE2 kule Marekani nayo ikaunasa, na miale ya X ikaonekana pamoja nao. Kwa hiyo ugomvi wa sasa hauko sana kwenye nani kafanya, ugomvi ni kafanyia wapi.

Upande wa kwanza unasema wimbi linazaliwa ndani ya himaya ya sumaku ya nyota yenyewe, juu kidogo tu ya ngozi yake, mamia au maelfu ya kilomita. Sumaku inatikisika, chembe zenye umeme zinaserereka kwenye mistari ya sumaku zikiwa zimeshikana kama jeshi moja, redio inatoka. Upande wa pili unasema hapana, nyota inatapika mata kwa kasi inayokaribia ya mwanga, ile mata inaenda kugonga mata nyingine iliyotapikwa mwanzo, mbali huko, mamilioni ya kilomita, na kwenye ule mgongano elektroni zinazunguka kwa pamoja zinatoa redio. Nitaziita ya ubavuni na ya mgongano ili tusichoshane.

Mtu atasema si rahisi tu, mpigo ni wa milisekunde, ndani ya milisekunde moja mwanga unatembea kilomita 300, yaani ungeutoa Kigoma kunyooka mashariki ungekuwa umepita Urambo na Tabora mjini haujafika, basi chanzo lazima kiwe kidogo hivyo na mgongano wa mbali umeshindwa. Binti naye alitaka kuanzia hapo. Nikamwambia hapana, wa mgongano wana jibu, mata inayokuja kwako karibu na kasi ya mwanga inaufuata mwanga wake yenyewe kwa nyuma, kwa hiyo muda unabanwa, tukio refu linakufikia likiwa fupi. Saa peke yake haiamui hii kesi. Ndo tukahamia polaraizesheni.

Nilimshikisha antena ya vijiti, ile iliyo kama mifupa ya mgebuka, nikaunganisha kipimo cha signo na TV ndogo, nikamwambia vijiti vilale sambamba na ardhi. Namba zikapanda vizuri, picha safi. Nikamwambia sasa izungushe taratibu hapohapo mkononi mpaka vijiti visimame, usibadilishe uelekeo wa mnara, usihame hata hatua. Namba zikaanza kushuka, zikashuka, alivyokaribia wima picha ikaganda vipande vipande, alivyofika wima ikaandika hakuna signo. Akabaki ameishikilia vile, akairudisha ulalo, picha ikarudi, akaigeuza tena mwenyewe bila kuambiwa. Basi ndo hiyo. Wimbi linakuja likitikisika upande fulani, wima, ulalo au mshazari, hiyo ni polaraizesheni ya mstari, na mshazari wa huo mstari tunauita pembe. Kuna wimbi halitikisiki kwenye mstari mmoja, linajizungusha kama skrubu huku linakuja, hiyo ni ya duara. Na kuna la fujo, linatikisika kila upande kwa pamoja, hilo halina polaraizesheni yoyote.

Asiye na antena aende Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, saa nne asubuhi na miwani ya polaroidi, ile ya vioo vyeusi inayokata mng'ao. Ukivaa mng'ao wa ziwa unazimika unaona mawe mpaka chini, ukilaza kichwa begani mng'ao unarudi kama umeivua. Mwanga ulioruka juu ya maji umetoka umelala, na miwani inapitisha uliosimama tu. Yaani mwanga unabeba habari ya mahali ulipogusa. FRB nazo zinabeba.

Sasa hapa nataka uwe makini sana maana ndipo nnapoona watu wengi wanachanganya, hata maandishi mazuri yanachanganya. FRB inakuja na alama mbili za polaraizesheni na hazisemi kitu kimoja. Moja ni pembe na namna inavyobadilika ndani ya mpigo wenyewe, hiyo ni ya nyumbani, inasema juu ya pale wimbi lilipozaliwa. Nyingine ni msokoto wa Faraday, hiyo ni ya mtaani, inasema juu ya njia na majirani wimbi lilikopita baada ya kutoka nyumbani. Ukichukua ya mtaani ukaitumia kuamua ya nyumbani umekosea hata kama namba zako zote ni sahihi.

Tuanze na ya nyumbani. Mwaka 1969 Radhakrishnan na Cooke waliangalia pulsa ya Vela, nyota ya nyutroni inayozunguka, wakaona pembe inapinda kwa mpangilio ndani ya kila mpigo, inaanza polepole, inakimbia katikati, inatulia tena, ukiichora inatoka kama herufi S. Sababu yake chukua baiskeli, igeuze miguu juu, halafu tazama spoki kupitia upenyo mwembamba unaousogeza kutoka upande mmoja wa gurudumu kwenda mwingine ukipita juu kidogo ya habu. Mwanzoni spoki unazoziona zimelalia kushoto, ukifika katikati zinageuka haraka, ukitokea ng'ambo zimelalia kulia. Mistari ya sumaku kwenye ncha ya nyota imetawanyika kama zile spoki, nyota inavyozunguka jicho letu linakatiza juu yake, na pembe ya redio inaifuata mistari. Kwa hiyo ukikuta S umekutana na sumaku ya nyota yenyewe ikizunguka mbele ya macho yako.

Wa mgongano wao wanategemea kitu tofauti. Kule mbali sumaku iliyobebwa na mata imenyooshwa upande mmoja, na wimbi linatoka kwenye eneo pana lenye mpangilio mmoja, basi utarajie polaraizesheni kubwa ya mstari, karibu asilimia 100, na pembe iliyotulia mwanzo mpaka mwisho wa mpigo.

Na kwa miaka kadhaa data zilikuwa zinawapa wao. FRB 20121102A (hizo namba ni mwaka, mwezi na siku iliponaswa), ile maarufu iliyonaswa na dishi la Arecibo kule Puerto Rico 2012 na kujulikana 2016 kwamba inarudia, ilipopimwa vizuri, matokeo yakatolewa 2018, ilikuwa karibu asilimia 100 ya mstari na pembe tulivu kama meza. FRB 20180916B, ile inayoamka na kulala kila siku 16 na kitu, nayo pembe tulivu. Ungeniuliza 2019 ningekwambia shika mgongano. Halafu 2020 dishi la FAST la China, la mita 500, likatoa matokeo ya FRB 20180301A, mipigo ya chanzo kilekile lakini pembe zinapinda, huu unapanda, ule unashuka, mwingine umetulia. Mgongano wa mbali kuelezea hiyo ni shida kwelikweli, maana kila mpigo ungehitaji sumaku ya kule mbali ijipange upya kwa namna yake ndani ya milisekunde.

Kisha ikaja ile nnayoiona ndo shahidi mwenye nguvu kuliko wote, FRB 20221022A, CHIME waliinasa Oktoba 2022 na kazi ikatoka 2025. Mpigo mmoja tu, wa kama milisekunde 2.5, kutoka galaksi iliyo umbali wa kama miaka ya mwanga milioni 200, na ndani ya huo mpigo pembe imepinda nyuzi kama 130 kwa umbo la S, lilelile la pulsa. Niliuchora kwa kalamu nyuma ya boksi la king'amuzi, binti akaweka pembeni mchoro wa pulsa kutoka kwenye simu, akaniangalia akasema "Mjomba hizi zinafanana." Na kundi lingine wakauhoji mpigo huohuo kwa njia tofauti kabisa, kwa kumetameta kwake, unajua nyota zinametameta angani lakini sayari karibu haimetameti kwa sababu sayari ina upana machoni petu, basi redio nayo ikipita kwenye gesi ya galaksi inametameta kama chanzo ni kidogo na inatulia kama chanzo ni kipana. Huo mpigo ulimetameta. Hesabu yao ikatoa kwamba eneo lililotoa wimbi halizidi takriban kilomita 30,000, upana wa dunia mbili na ushee, wakati mgongano unahitaji mamilioni. Ushahidi wa aina mbili, hautegemeani, unaelekeza mahali pamoja. Kwangu mimi huo mpigo umeshatoka kwenye mjadala, ni wa ubavuni.

Lakini usikimbie ukasema basi zote. Mpigo mmoja unahukumu mpigo mmoja. Kitu ambacho nilimsisitizia binti mpaka akakiandika kwenye daftari ni kwamba pembe tulivu na pembe inayopinda hazina uzito sawa kwenye mizani. Pembe tulivu haimtoi mtu, kwa sababu wa ubavuni nao wanaweza kuitoa vizuri tu, nyota ikiwa inazunguka taratibu mpigo wa milisekunde moja ni mfupi mno kuona spoki zikibadilika, au wimbi likizaliwa juu zaidi ndani ya himaya ya sumaku unaona mistari kama imenyooka. Ila pembe inayopinda kwa mpangilio, ile inamkandamiza wa mgongano peke yake. Kwa hiyo hata kama mipigo mingi uliyonayo imetulia na michache ndo inapinda, usihesabu kama kura.

Ya duara ni hivyohivyo kidogo. FRB 20201124A, hiyo FAST waliifuatilia 2021 wakapata mipigo 1,863 ndani ya masaa 82 ya kuangalia yaliyosambaa siku 54, na baadhi ya mipigo ilikuwa na polaraizesheni ya duara mpaka asilimia 75. Mgongano ule wa kawaida hautoi duara kubwa hivyo kirahisi, ubavuni inawezekana. Mimi siipi uzito kama wa S, kwa sababu ya mstari inaweza kugeuzwa ya duara njiani ikipita kwenye gesi yenye sumaku kali, kwa hiyo tayari umeshaingiza mtaani ndani ya mambo ya nyumbani.

Na sasa mtaani kwenyewe, ambako kuna utamu mwingi na ndiko watu wanakopotelea.

Mwanasayansi Faraday aligundua 1845 kwamba sumaku inaweza kuisokota pembe ya mwanga unaopita ndani ya kioo. Redio ikipita kwenye gesi yenye chembe za umeme na sumaku ndani yake inasokotwa vivyo hivyo, na wavelengthi, yaani urefu wa wimbi, ukiongezeka mara mbili msokoto unaongezeka mara nne. Wazee waliotumia redio ya upepo hapa Kigoma kuongea na ng'ambo ya ziwa na mikoa ya mbali wanalijua hili bila kulijua jina, sauti inakuja vizuri, inafifia, inarudi, hujagusa kitu, sehemu ya sababu ni kwamba lile tabaka la juu la hewa linalorudisha wimbi linalisokota na hali yake inabadilika kila dakika. Kipimo cha msokoto wanakiita RM. Namba ikiwa kubwa maana yake njiani kuna gesi nyingi ya umeme au sumaku kali au vyote, na alama ya kujumlisha au kutoa inakwambia sumaku kwa jumla inatazama kwetu au inatupa kisogo.

Ya kwanza kupimwa RM, ile ya 2011 ambayo matokeo yake yalitoka 2015, ilikuwa 186 kwa kutoa. Sio mbaya. Halafu ikaja FRB 20121102A na zaidi ya 100,000. Nataka uione hiyo namba: kwenye gigahezi 4.5 wimbi lina urefu wa sentimita 6.7, RM ya 100,000 inalizungusha duru kama 70 nzima kabla halijafika. Ukishuka kwenye gigahezi 1.4 ni zaidi ya duru 700. Ndiyo sababu mwanzoni walipoipima chini kule walisema haina polaraizesheni, ndani ya chaneli moja ya mtambo pembe ilikuwa inazunguka kiasi kwamba zote zinafutana, kama mtu ageuze ile antena yangu haraka haraka wewe usome wastani wa kipimo. Walipopanda juu na chaneli nyembamba ikaonekana asilimia 100. Chanzo kilekile. Na zaidi ya hilo la mtambo, 2022 ilionyeshwa kwa vyanzo kadhaa vinavyorudia kwamba kadiri frikwensi inavyoshuka polaraizesheni inapotea kweli kabla ya kutufikia, kwa sababu wimbi linapita njia nyingi ndani ya gesi ya fujo na kila njia inasokota tofauti.

Kwenye galaksi yetu kitu kinachokaribia hiyo RM ni magnetari iliyogunduliwa 2013 jirani kabisa na shimo jeusi la katikati, ile ina kama 66,000. Kwa hiyo 20121102A inakaa mtaa wa namna hiyo, ama jirani na shimo jeusi kubwa ama ndani ya mabaki mabichi ya nyota iliyolipuka, na ndani ya miezi saba RM yake ilishuka asilimia 10, miaka miwili na nusu baada ya vipimo vya mwanzo ikawa kama 67,000. Mabaki yanayotanuka na kupungua ukali yangefanya hivyo. Pia hapohapo kuna redio nyingine hafifu inayowaka muda wote, haizimi, na galaksi yenyewe ni kibete. FRB 20190520B inafanana nayo kwa karibu kila kitu, kibete, ina redio inayowaka muda wote, ila yenyewe RM yake ilibadilika mpaka alama ikageuka, kutoka kujumlisha kwenda kutoa, ndani ya miezi. Mabaki yanayotanuka tu hayageuzi sumaku namna hiyo. Nyota mwenza anaweza: pulsa B1259-63 ya humu kwetu inamzunguka nyota mkubwa kwa miaka 3.4 na kila ikipita karibu naye RM inaruka ovyo kwa sababu ya upepo wa yule mwenza. Na FRB 20220529A, RM yake ilikuwa imekaa chini, Desemba 2023 ikaruka ghafla mpaka karibu 2,000, ndani ya wiki mbili hivi ikarudi. Hapo mimi naona kama wingu limetapikwa na nyota jirani likakatiza mbele ya taa.

Ungesikia haya tu ungesema basi kila FRB inaishi mtaa mchafu. Sivyo. FRB 20200120E ipo kwenye galaksi ya M81, karibu sana kwa viwango vyao, ndani ya kishada cha nyota za zamani, hakuna nyota changa za kulipuka pale, na RM yake ni makumi tu. Na 2024 watu wa CHIME walitoa polaraizesheni ya milipuko 128 iliyopiga mara moja moja, wakakuta nyingi zimetoka kwenye mazingira ya sumaku ya kawaida, kama ya galaksi yetu tu. Kwa hiyo mtaa mchafu ni wa baadhi, hasa wale wanaorudia kwa fujo, na ukijenga hoja yako juu ya 20121102A peke yake umejenga juu ya kituko.

Makosa yenyewe nnayoyasema ni haya: mtu anaona RM ya 100,000 anasema "gesi nyingi, basi ni mgongano ndani ya gesi". Hapana jamani. Wimbi linaweza kuzaliwa kilomita mia tano juu ya ngozi ya nyota halafu lipite kwenye tope lote lile likitoka nje. Na kinyume chake, RM ndogo haithibitishi ubavuni. RM inakusaidia kuchagua kati ya nyota changa ndani ya mabaki, nyota yenye mwenza, na nyota ya zamani iliyotulia kishadani, hilo ni chaguo lingine na lina meza yake. Pembe ndo inakusaidia kwenye ubavuni au mgongano.

Basi chaguo langu kwa uwazi. Kama unalazimika kushika upande mmoja, shika ubavuni. Ushahidi wa pembe zinazopinda unaikandamiza mgongano na hakuna ushahidi wa pembe unaoikandamiza ubavuni kwa nguvu ileile. Mgongano siufuti, mipigo yenye pembe tulivu kabisa bado inaweza kuwa yake na inawezekana kabisa kukawa na aina mbili. Kwenye swali la mtaa, usishike mmoja, sema wazi kwamba majirani ni wa aina nyingi na taja mfano kwa kila mmoja, mwalimu mzuri ataelewa hapo hujakwepa.

Binti ana dakika kumi, kwa hiyo nimemshauri achukue FRB 20221022A peke yake, S moja, kumetameta kumoja, kilomita 30,000, aje na antena yangu aizungushe mbele ya darasa, amalize. Anayepewa nusu saa achukue 20121102A na 20190520B pamoja, ina hadithi ndefu, galaksi, mabaki, mwenza, ila inadai uangalifu. Na ukiichukua hiyo, kila utakapoandika asilimia ya polaraizesheni andika na frikwensi pembeni yake, maana 20121102A hiyohiyo ni sifuri ukiipima huku na mia ukiipima kule.